Kifungo Alichoshona Mwalimu

Mara ya kwanza kufanya biashara na Shangazi, nilipigwa bao huku nikidhani nimeshinda. Alikuja dukani kwangu, ninapochapa barua za watu na kukodisha kompyuta, akataka kuweka cherehani yake kwenye baraza ya mbele. Nikamtajia kodi. Akaviangalia viti vyangu vilivyokaa vitupu, kisha akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, wateja wangu husubiri nguo. Mtu akisubiri anachoka, akichoka ataingia ndani kwako. Sasa hapo nani amlipe mwenzake?"

Nikakata kodi nusu. Wateja waliingia kweli, ila wengi walikuwa wanakwepa jua tu.

Si shangazi yangu. Ni shangazi wa binti mmoja wa darasa la pili, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Mtaa mzima uliazima jina hilo. Alishona sare za shule, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Kwa huyo mtoto tu alikuwa pamba, na hakutaka kumgawana na mtu. Jirani akimpa binti peremende, Shangazi atataka kujua ni ya nini, kwani nyumbani kwao hakuna sukari?

Ndipo akaja mwalimu wa darasa la pili, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, akitaka kompyuta zangu kila Jumatano mchana. Watoto wake wataandika blogu.

"Wa darasa la pili?" nikamuuliza. "Hawa si bado wanageuza herufi?"

"Watazigeuza mbele ya wasomaji, kaka. Hapo ndipo watakapojifunza haraka."

Alianza nao bila umeme. Kila mtoto aliandika karatasi yake, akaibandika kwenye ukuta wangu, na wenzake wakabandika maoni chini yake kwa vikaratasi vidogo. Kuandika "nzuri" peke yake ilikuwa marufuku. Kila maoni lazima yawe na swali. Na mwenye karatasi lazima ajibu maswali yote kabla ya kuandika jambo jipya. Walipoizoea kanuni hiyo ndipo akawaweka kwenye kompyuta. Ukurasa wao ulifungwa kwa neno la siri, na mwalimu alinipa mimi neno hilo ili wazazi waje kusoma dukani kwangu. Wazazi wakija kusoma, wanachapisha na mambo yao mengine. Sikuwa na la kulalamika.

Kisha binti wa Shangazi akaandika hivi:

"Leo kifungo changu kilikatika. Mwalimu amekishona kwa uzi wa bluu. Sasa ni kifungo kizuri kuliko vyote. Mwalimu ana vidole vya pole pole."

Shangazi alisoma ameinama hadi pua ikakaribia kioo. Akasoma tena.

"Uzi wa bluu," akasema. "Kwenye shati jeupe."

"Si kifungo tu, Shangazi?"

"Nani aliyeshona shati? Kola nani? Mfuko nani? Mimi nimekesha na lile pindo, halafu anayesifiwa ni wa kifungo! Na jana nilitaka kukirudia vizuri, unajua ameniambia nini? 'Usikiguse, cha mwalimu hicho.' Akaliweka shati chini ya mto, akalilalia. Mimi ananikatalia shati nililolishona mwenyewe!"

Akaitazama kibodi yangu, na Shangazi akitazama kitu hivyo ujue anapiga hesabu.

"Neno la siri unalo wewe."

"Ninalo."

"Basi niandikie maoni. Na mimi nitakubania zile suruali zako zinazokuvuka."

Suruali zilikuwa zinanivuka kweli. Tukakubaliana. Yeye akasema, mimi nikapiga kibodi, kila swali kwa jina la kubuni. "Jirani Mwema" aliuliza kola ilishonwa na nani. "Mpenda Haki" aliuliza habari za mfuko. "Msomaji wa Mbali" alitaka kujua nani aliyelaza pindo la ndani kwa mshono wa mkono usioonekana nje. Aliponogewa nikashindwa kumzuia.

Jumatano watoto wengine walianza kuandika mambo mapya. Binti alikuta foleni ya maswali. Akajibu kwa kidole kimoja, ulimi nje: Shangazi. Shangazi. Shangazi. Huko barazani, mwenye jina alikuwa anachungulia dirishani, uso umemeremeta kama amepewa cheo. Swali la mwisho, la Mpenda Haki tena, lilikuwa: "Mbona hukumwandika huyo aliyeshona shati zima?"

Binti akafikiri, kisha akaandika: "Yeye hushona kila siku. Mwalimu alisema tuandike jambo lisilotokea kila siku."

Muda ukaisha. Wenzake wote wameandika jipya, yeye hana kitu. Akalia. Mwalimu akasoma ukurasa kuanzia juu hadi chini, akaja mezani kwangu, karibu na mlango wa baraza.

"Kaka, wasomaji wako wanajua ushonaji kuliko kawaida. Mshono wa mkono usioonekana nje?"

Nikajifanya natafuta karatasi. Shangazi akasimama.

"Ni mimi. Unataka nini?"

"Nataka mtoto aandike, dada. Umemfungia njia. Ukitaka akuandike, njoo ukae naye Jumatano moja."

"Mimi nina kazi. Sina nafasi ya kuzurura na uzi wa bluu."

Jumatano iliyofuata Shangazi alifunga cherehani. Mteja alifika na jora zima la sare, Shangazi akamwambia arudi kesho. Mteja akaondoka na jora lake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na sare zote za mwaka zikabaki huko. Shangazi alikuwa ndani, amevaa nguo ya kutokea, amekaa nyuma ya mtoto. Binti akaandika:

"Leo shangazi hakushona. Amekuja kunitazama. Anapumua kwenye shingo yangu."

Mwalimu akaweka swali lake: "Kwa nini hakushona leo?"

Binti akajibu papo hapo: "Ana wivu. Anakuonea wivu wewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaziba mdomo kwa daftari. Shangazi alisubiri kicheko kiishe.

"Ameandika kweli," akasema. "Mnacheka nini? Nichapishie hiyo."

Basi hivi ndivyo tulivyomalizana. Mwalimu alibadilisha neno la siri, na muhula uliofuata akahamishia watoto kwenye chumba cha shule. Mimi nikapoteza Jumatano na wazazi wote, nikabaki na suruali zinazonikaa. Shangazi alipoteza mteja wa mwaka mzima, akapata karatasi moja aliyoibandika juu ya cherehani yake, na neno "wivu" linasomeka hadi barabarani. Mwalimu alipata msomaji wa kudumu asiyemwacha ashone chochote tena.

Juzi Shangazi alirudi kutoka shuleni amenuna. Nikamuuliza safari hii binti ameandika kuhusu nani.

"Kuku wa jirani," akasema. "Hebu niambie wewe, huyo kuku ana nini?"