Kilo sita zisizo na shamba

Saa mbili asubuhi foleni ya magunia ya ufuta imeshafika barabarani, na Dativa Valerian, mshika mizani wa chama cha ushirika katika kijiji kimoja jirani na Kitomanga, mkoani Lindi, amekwama kwenye ndoo moja.

"Shikamoo bibi. Namba yako ya mkulima?"

"Marahaba. Sina. Huu ni wa mkung'uto wa tatu, mwanangu. Unajua."

Anajua. Hapa mwenye shamba hukung'uta miganda yake mara mbili, kisha huiacha. Chembe zilizobaki ni za asiye na shamba, kama Bi Biasha, mjane wa miaka sabini na kitu. Ndoo yake ina kilo sita.

Lakini tangu msimu uliopita mizani haipokei ufuta usio na namba.

"Andika yangu, twende," anadakia Yahya, mkulima aliye nyuma ya bibi kwenye foleni. "Au unataka bibi alete hati ya kiwanja?"

Watu wanacheka. Dativa hacheki. Kuazimana namba ni kosa, na kibarua hiki cha shilingi 8,000 kwa siku ndicho kinachowasomesha wanawe wawili.

Tena, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kijiji kilipopigia kura namba hizo. Mwaka juzi wezi walikung'uta shamba lake lote, wakauza ufuta hapahapa.

"Niliupima mwenyewe," anasema. "Ufuta wangu, na sikuujua."

Anafuta vumbi kwenye sahani ya mizani.

"Utaratibu ni mzuri. Bibi naye hajakosea. Sasa nani kakosea? Nimewaza mpaka kichwa kinauma."

Jumamosi kuna mkutano mkuu wa chama. Dativa anataka kuomba namba moja ya mkung'uto wa tatu, ya wote wasio na shamba.

"Wakiniuliza mwizi atazuiwaje kuitumia, sina jibu. Nitasimama hivyohivyo."

"Jumamosi mbali," anasema Bi Biasha. "Unga ni wa leo."

Ng'ambo ya barabara yuko mnunuzi wa ufuta mwenye pikipiki, asiye na kibali, anayelipa nusu ya bei ya mnada wa chama. Bi Biasha anatandika kanga chini, anamimina nusu ya ufuta wake, anaufunga. Ndoo anaisukuma chini ya meza ya mizani.

"Hizo kilo tatu zilizobaki nakuachia," anamwambia Dativa. "Ukazisemee mkutanoni."