Mwandishi wa Mawakili na Ushahidi wa Mama

Mwanangu, hata mimi niliwahi kumcheka yule mwandishi wa hadithi za kesi na mawakili, vile ulivyocheka jana ulipoona rafu yangu imejaa vitabu vyake.

Awali nilimpenda sana. Nilinunua vitabu vyake vilivyotumika, vilivyotandazwa kando ya barabara kule tao, katikati ya jiji, na jioni kwetu Riruta nikamsomea mama, nikimfasiria Kiingereza chake, huku akikatakata mboga ya sukuma. Mama alikuwa na ploti ya nyumba za kupangisha. Wakili wa kitabuni akimbana shahidi, kisu cha mama kilisimama.

Kisha nikapata ukarani katika ofisi ya mawakili, nikaona kesi zenyewe: leo zinaahirishwa, kesho faili haionekani, na hakuna shahidi wa ghafla anayeingia mlangoni. Niliudhika. Nikamwambia mama yule mwandishi ni mwongo, vitabu nitavigawa. Akaniambia ningoje, yeye bado anasikiza.

Baadaye mpangaji wetu Wafula, seremala, akashtakiwa kuvunja duka la jirani. Jirani huyo, muumini mwenzetu, alitaka mama aseme alimwona Wafula akitoka dukani. Lakini duka lilipovunjwa mama alisikia kishindo tu, akakataa. Watu wakamnunia, hata kanisani hakuna aliyeketi karibu naye. Akaitwa kutoa ushahidi, nami nikaogopa kwamba kortini atatetemeka.

Hakutetemeka. Mwendesha mashtaka alimzungusha huku na huku, naye akashikilia lile lile.

“Nilisikia kishindo. Mtu sikuona. Siwezi ongeza.”

Wafula akaachiliwa, akarudi kwa watoto wake. Tukiwa nje nikamuuliza mama ujasiri ule aliutoa wapi.

“Si ni kwa vitabu vyako? Shahidi akiongeza kitu kidogo tu, amekwisha. Si ni wewe ulinisomea?”

Nililia kidogo, sikufichi.

Siku hizi namsoma tena yule mwandishi. Hila zake nazijua, mara nyingi mwisho naujua kabla sijafika, na bado namshukuru kwa moyo wote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo mwanangu, ukikua ukaona dosari za aliyekufundisha, zitaje, lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na ukiulizwa habari za mtu, sema ulichoona, uishie hapo. Mungu akupe macho mazuri na ulimi usioongeza. Akupe pia mtu wa kumsomea jioni, hata kama sukuma itachelewa kuiva.