Mama Anasikiliza Vyungu

Mama yangu alipoteza uwezo wa kunusa mwezi wa nane, baada ya homa iliyomlaza kwa wiki mbili. Mimi nilijua mwezi wa kumi, nilipokuja nyumbani kutoka Meru mjini, ambako naandika ripoti katika ofisi moja upande wa Kinoru. Nilimkuta jikoni akipukuchua mahindi. Nyuma yake, hatua mbili tu, maziwa yalikuwa yamefurika na kuungua mpaka sufuria ikawa nyeusi. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, ametulia kabisa.

"Mama, hayo maziwa," nilisema.

Aligeuka, akayaangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye gunzi lake. "Usimwambie mtu," alisema.

Nilielewa mara moja alikuwa akiogopa nini. Kijiji chetu kiko chini kidogo ya Karurumo, na kila Boksing Dei watu wote hula pamoja katika uwanja wa kanisa baada ya ibada ya shukrani. Wanakuja hata jamaa waliohamia nchi ya chini, Mbeere. Nyama huwa ipo, na chapati, lakini kinachosubiriwa ni maharagwe ya tanuri. Hupikwa katika vyungu vya udongo, na mbavu za mbuzi zilizokaushwa kwa moshi, nyanya, vitunguu, tangawizi, pilipili na sukari nguru. Vyungu vikishajaa, vifuniko huzibwa kwa unga uliokandwa, kisha vyungu huingizwa katika tanuri la udongo ambalo akina mama walijenga kando ya jiko la kanisa kwa ajili ya mkate. Hufunguliwa saa nane mchana, si kabla.

Anayepika huwa ni mtu mmoja, na mwiko wa kazi hiyo hukaa nyumbani kwake mwaka mzima. Ni mwiko mrefu kupita mkono wa mtu mzima, wa mti mgumu, umepata weusi wa miaka mingi. Vyungu vikiharibika, akina mama huja kuuchukua na kuupeleka nyumba nyingine. Hakuna anayetukanwa. Wanakunywa chai, wanaomba, wanaondoka nao. Mama anakumbuka vizuri, kwa sababu ndivyo ulivyofika kwetu. Yeye mwenyewe alitumwa kuuchukua kwa mama mmoja mzee ambaye maharagwe yake yalitoka mabichi, na hajasahau jinsi yule mama alivyoufuta kwa leso kabla ya kumpa.

"Sitaki kuja kunyweshwa chai hiyo," aliniambia siku ile ya maziwa. "Desemba utachukua likizo mapema. Utakuwa pua yangu."

Nilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa chungu kipya, kilichonunuliwa kwa wafinyanzi wa Mbeere baada ya kimoja cha zamani kupasuka. Alinieleza nikipikie uji mzito, niuache humo usiku kucha ili udongo ushibe. Nikaitikia. Kisha nikaanza kupokea simu za ofisini, na siku ikaisha. Kesho yake nilikiosha kwa sabuni, nikakianika juani, nikakiweka pamoja na vingine. Kilionekana safi kuliko vyote. Mama alidhani nimekipikia uji.

Siku ya Krismasi, mchana, maharagwe yalianza kuletwa. Desturi ni kwamba kila nyumba hutoa gorogoro moja, yaani mkebe wa kilo mbili, na yote huingia katika vyungu vya pamoja. Hakuna anayerudishiwa maharagwe yake. Nilikuwa nimeona desturi hii tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza inawezekanaje, maana nyumba moja huleta maharagwe ya nyayo yaliyovunwa juzi, nyingine huleta mchanganyiko uliokaa ghalani ndani ya majivu misimu mitatu, na maharagwe ya namna hiyo hayaivi pamoja hata ukiyachemsha hadi mwaka mpya.

Mama alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mfuniko mkubwa wa sufuria mapajani. Kila aliyefika, alimpokea, akamuuliza habari za watoto, na huku wakiongea alichota konzi moja ya maharagwe na kuyadondosha juu ya mfuniko, kama mtu anayecheza tu. Kisha akanionyesha kwa kidevu ndoo ya kuyatia. Ndoo zilikuwa tatu.

Mzee mmoja wa Mbeere, mwenye kofia ya pama, alishusha gorogoro yake na kusema, "Mama, haya ni mapya. Ya msimu huu."

Mama akadondosha. "Karibu sana, baba. Mvua ilikuwaje huko?"

"Mvua gani? Ilipita juu ikatusalimia."

"Pole. Chai iko ndani."

Alipoingia ndani, mama alinionyesha ndoo ya kwanza, ya maharagwe makuukuu. Nikamuuliza amejuaje. Akanipa konzi ya yule mzee nidondoshe, kisha konzi ya jirani yetu. Nilisikia mlio uleule wa maharagwe juu ya bati. Akanifanya nifunge macho. Mara ya nne nikaisikia tofauti: haya ya mzee yalilia makali na mafupi, kama vifungo vya shati vikianguka sakafuni, na yale mapya yalitoa sauti iliyokuwa na nyama kidogo ndani yake.

"Zamani nilikuwa nanusa pia," alisema. "Lakini sikio ndilo lilikuwa linaamua."

Makuukuu yalilowekwa saa ileile kwa maji ya moto. Ya katikati yalilowekwa magharibi, mapya wakati wa kulala. Asubuhi yaliingia motoni kwa mpangilio huohuo, na ilipofika saa mbili niliyaminya ya kila sufuria kwa kidole nikashindwa kuyatofautisha. Nyumba kumi na kitu, na hakuna hata moja ambayo ingejua kwamba maharagwe yake yalihitaji kusubiriwa. Nimesoma ripoti nyingi kuhusu jinsi ya kuwaleta watu pamoja. Sijaona iliyofanya kazi kimyakimya namna ile.

Shida ilikuwa rojo, maana pua ya mama ilikuwa imeondoka na ladha pia. Hapo sikio halikusaidia, kwa hiyo nikaitwa. Alininyooshea kijiko.

"Ni tamu," nilisema.

"Tamu ni nini? Wewe si mtu wa kuandika? Iko wapi mdomoni?"

Nikaonja tena, nikamakinika. Nikamwambia inaanza tamu mbele ya ulimi, halafu nyuma, karibu na koo, kuna uchungu mdogo unaobaki.

"Nguru imeshika chini kidogo. Tia ndimu. Nusu." Nikatia. "Sasa?"

"Uchungu umerudi nyuma. Lakini chumvi haijatosha."

Alinitazama. "Huo ulimi umezoea chipsi za mjini." Akatia nusu ya chumvi niliyotaka, akanipa kijiko tena. Ilikuwa imetosha kabisa.

Saa tatu vyungu vitatu viliingia tanurini, makaa yakiwa yamesukumwa pembeni, na mama akafunga mdomo wa tanuri kwa kipande cha bati. Watu wote walienda ibadani. Tulibaki watatu nje ya jiko la kanisa: mama, mimi, na jirani yetu, mama mwenye sauti kubwa ambaye kila mtu anajua mwiko ukihama utahamia kwake. Mimi humwita tata, kama tunavyowaita shangazi zetu. Alikuja kukata kabichi, lakini alikaa mahali anapoona tanuri.

"Mwaka huu umeleta msaidizi," tata alimwambia mama. "Uzee huo."

"Ni huyu anayetaka kujifunza. Mjini wanakula maharagwe ya mkebe."

"Ya mkebe hayana kelele," tata akasema, na wote wawili wakacheka, ingawa si kwa wakati mmoja.

Kila baada ya nusu saa mama aliinuka, akajifunika kichwa kwa leso, akasogeza bati kiasi cha kupitisha mkono, na kuingiza mwiko. Aligusisha kichwa cha mwiko juu ya mfuniko wa chungu cha kwanza na kuweka mpini sikioni. Akasikiliza. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Baadaye alinipa na mimi. Nilipoweka sikio kwenye ule mti nilishtuka, kwa sababu kulikuwa na ulimwengu mzima kule ndani. Chungu kilikuwa kikinong'ona, mfululizo, kama mvua ya mbali inayoshuka kwenye migomba ya bonde la pili, na katikati ya mvua hiyo kitu kilijigeuza polepole, kizito. Nilisikiliza mpaka nywele zikaanza kunukia moto. Nimekula maharagwe yale tangu nikiwa na meno ya utoto, na sikujua kwamba yanaongea.

Saa sita mama aliweka mwiko kwenye chungu cha tatu na hakuutoa. Alikaa nao sikioni muda mrefu. Kisha akausimamisha ukutani.

"Kimenyamaza," alisema. "Nakifungua."

Tata alisimama, kisu cha kabichi mkononi. "Hatujawahi kufungua kabla ya saa nane. Ukikata ule unga, mvuke ukitoka, hakuna kurudi. Na mimi sisikii harufu yoyote ya kuungua. Wewe unasikia?"

Kanisani walikuwa wameanza kuimba, na nilimwona mama akiangalia mwiko, halafu tanuri. Angeweza kusema anasikia harufu. Tata hangekuwa na la kubisha.

"Mimi sisikii harufu ya kitu chochote tangu mwezi wa nane," alisema. "Nimesikia chungu kimenyamaza, basi."

Tukakitoa kwa matambara. Alikata unga kwa kisu cha tata mwenyewe. Rojo ilikuwa imekwisha. Maharagwe ya juu yalikuwa mazima, yamepasuka kidogo kwenye ngozi, lakini yalikuwa yamekauka, na chini, mwiko ulipopita, ulikwaruza mahali palipokuwa karibu kushika. Dakika kumi zaidi na moshi ungeingia katika chungu kizima. Tata aliinama, akanusa, akainama tena.

"Bado hayajaungua," alisema taratibu. "Harufu bado haijakuja."

"Ikija huwa umechelewa," mama alisema. "Leta maji ya moto."

Nilileta maji, na nikiwa nayo mkononi nikasema kuhusu uji. Kwamba kile chungu hakikushibishwa, kwamba nilikiosha kwa sabuni na kukianika, na kwamba ndicho kilichokunywa ile rojo. Niliongea haraka, nikiangalia sufuria. Mama alimimina maji pembeni mwa chungu, kidogo kidogo, kisha rojo iliyobaki asubuhi, bila kukoroga.

"Chungu kipya kwa sabuni," tata alisema. "Na shule yote hiyo."

Akakanda unga mwingine yeye mwenyewe na kuziba mfuniko, huku vidole vikikimbia kwa sababu ya joto. Tulipokirudisha ndani alikaa chini, akafikiri, akamgeukia mama.

"Tangu mwezi wa nane? Na ile chai yangu ya mwezi wa tisa, iliyoingia moshi, ukasema ni nzuri sana?"

"Ilikuwa ya moto," mama alisema.

Tata alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Kisha akaomba mwiko. Mama aliushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika kabla ya kumpa. Tata akajifunika kichwa, akasogeza bati, akavisikiliza vyungu kimoja kimoja, na alipofika chungu cha tatu alifumba macho. Tuliona uso wake ukibadilika.

"Kinaongea," alisema.

Saa nane vilifunguliwa mbele ya watu wote. Rojo ilikuwa nyekundu yenye weusi, nzito, ikishikilia kila haragwe, na nyama ilikuwa imeachana na mbavu. Mzee wa kofia ya pama alirudi kupakuliwa mara mbili, akamwambia jirani yake kwenye benchi kwamba yale mapya, ya msimu huu, unayajua tu ukiyatafuna.

Jioni akina mama walisafisha. Mwiko ulioshwa, na nilimwona mama akiufuta kwa leso yake, taratibu, mpaka kwenye mpini. Alimpelekea tata. Tata aliuangalia, akashika ndoo ya vyombo kwa mikono miwili, na kusema ana mzigo tayari.

"Nitakuja kwako mwezi wa kwanza," alisema. "Na maharagwe ya aina mbili. Utanidondoshea nisikie."

Mwiko sasa uko kwenye msumari wake ukutani kwetu. Usiku ulipokuwa unaingia nilimletea mama sahani yake, kwa kuwa hakuwa amekula. Alitafuna kijiko cha kwanza, akaweka sahani magotini.

"Haya," alisema. "Niambie. Anzia mbele ya ulimi."

Nikaanza. Moshi wa mbavu kwanza, kisha nguru, kisha ndimu inayokuja kutoka pembeni. Alitafuna polepole, kichwa kimeinama upande wangu, jinsi alivyokiinamisha kwenye vyungu.