Kibati cha Darasa Letu

Mimi ni mtu wa kuchungulia. Nikiona mlango uko wazi lazima nijue ndani wanapika nini, na ni udadisi huo, kuliko shida ya kazi, ulionivusha mpaka wa Namanga kutoka kwetu Kisii nikiwa na cheti cha ualimu na sanduku moja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa. Pale Arusha kila mwenye kiwanja alikuwa akifungua kitu: duka la mitumba, kibanda cha video, shule ya Kiingereza. Mwalimu kutoka Kenya hakukaa kijiweni. Nilishuka basi Jumatatu, Jumatano nikawa na darasa.

Shule ilikuwa Elerai, vyumba vinne, na viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimeezekwa. Mwenye shule alikuwa mama wa Kichaga aliyeanza maisha kwa kuuza vitenge. Alinipa watoto waliosoma kwa Kiswahili na sasa walitaka kuingia kwetu. Wangenoa Kiingereza Desemba nzima, kisha Januari wafanye mtihani. Atakayeshindwa angerudi alikotoka.

"Mzazi akipita nje ya dirisha asikie Kiingereza tu," aliniambia.

Dawa niliijua. Utotoni kwetu aliyesema lugha ya nyumbani alivalishwa mfupa wa ng'ombe shingoni. Mfupa sikuwa nao, basi nikachukua mfuniko wa kopo la mafuta ya kupikia, nikautoboa kwa msumari, nikapitisha kamba ya katani, nikautundika kwenye msumari ukutani: kibati cha darasa. Ubaoni nikaandika sheria: yeyote wa darasa hili atakayesikika akisema lugha nyingine atavaa kibati, wala hatakivua mpaka amsikie mwingine wa darasa hili akikosea. Na mwenye kudanganya hafaulu mtihani. Mimi mwenyewe sikutamka neno la Kiswahili mbele yao, hata wakaamini sikijui. Watu wazima pia walikuwa na shaka. Siku ya kwanza hotelini nilisema "nipe chai", mhudumu akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba hapa watu huomba hata kile wanachonunua.

Mkesha wa Krismasi tulifunga saa sita mchana. Kibati kilikuwa shingoni mwa msichana wa miaka tisa, mtulivu, ambaye dakika za mwisho alimwomba jirani yake kifutio kwa Kiswahili. Alinisubiri mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza afanye nini nacho, kwa kuwa wenzake wote wameshaondoka.

"Sheria ni sheria," nikamjibu nikicheka, maana nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

Yeye hakucheka. Niliona, nikapuuza.

Mama yake, muuza ndizi, alikuwa amenialika Krismasi kwa mama mkwe wake, kijijini Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Alinionea huruma. Wiki ile Arusha ilihama, Wachaga wote wakaenda Moshi, na mwenye shule aliniachia funguo na mbwa. Asubuhi ya sikukuu nikamlisha mbwa, nikapanda gari hadi Tengeru, na kutoka pale nikakwea kwa miguu. Sijawahi kuuliza maswali mengi kama siku ile. Kwa nini kahawa inapandwa chini ya migomba? Mfereji huu wa maji ni wa nani, na nani anajua zamu ni ya nani? Kanisani matarumbeta yalikuwa yakipigwa, nikasimama kutazama wapigaji wakivimbisha mashavu. Watu walinijibu kwa subira, kisha wakaniuliza swali moja tu: mgeni wa kwa nani?

Mama wa mtoto alinipokea nje ya uzio, macho mekundu.

"Afadhali umekuja, mwalimu. Mtoto hasemi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Tangu jana ni Kizungu tu. Bibi yake hata Kiswahili hakijui sawasawa, yeye ni Kimeru. Sasa wanasema nimewaharibia mtoto wao."

Akanieleza tukiwa pale pale. Katika ukoo ule, kila Krismasi, bibi hukaa mlangoni na kutaja wazee waliotangulia, mmoja mmoja, na mjukuu huitika kila jina kwa Kimeru akisema huyo alikuwa mtoto wa nani. Akimaliza hupewa baraka, na bakuli la kwanza la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Asubuhi ile msichana alisimama mbele ya bibi yake akanyamaza. Bibi alisema atamjaribu tena mchana. Ulimi usipopatikana, mtoto harudi mjini. Atabaki asome shule ya kijijini, kwa sababu alitumwa kusoma, hakutumwa kusahau. Mume wa yule mama alikuwa dereva wa malori na siku zile alikuwa safarini Zambia. Mkwe peke yake angebishana na nani?

Nikaingia, nikamwamkia bibi: "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, akanishika mkono muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Msichana alikuwa jikoni, hakunisikia.

Mchana wajukuu wakapangwa kwa umri. Waliitika haraka haraka, kila mmoja akitazama bakuli. Ikafika zamu yake. Bibi akamwekea mikono mabegani, akataja jina la kwanza. Mtoto akanitazama mimi, na ndipo nilipoona, kwenye kola ya gauni lake jipya la sikukuu, kamba ya katani.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa Kiingereza akivue. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba hawezi. Hapa hakuna mwingine wa darasa letu wa kumpa. Akikivua tu atakuwa amedanganya, na mwenye kudanganya hafaulu mtihani.

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Maneno yale yalikuwa yangu, hata mwandiko ningeweza kuuona. Na mimi mwenye udadisi wa kila mlango sikuwahi kujiuliza mtoto akienda nyumbani na kitu kile huwa inakuwaje, ingawa mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na mfupa shingoni, nikiwa mdogo kuliko yeye.

Nikasimama. "Mwanangu," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika jikoni, "na mimi ni wa darasa lile. Hiki ninachosema ni lugha gani?"

Akabaki mdomo wazi. Kisha akavua kamba taratibu, nami nikainama anivike. Wajukuu wenzake wakacheka, nadhani kwa ajili ya Kiswahili changu. Bibi akarudia jina la kwanza. Mtoto akaitika. La pili akaitika, na la tatu, sauti ikipanda. Sikuelewa hata neno moja, ila mama yake alikuwa kando yangu akihesabu kwa vidole, na vidole vya mikono miwili vilipoisha akaanza upya, huku machozi yakimtoka.

Baada ya baraka bibi akanigeukia mimi. Mama wa mtoto akanitafsiria: na wewe mgeni, ni wa kwa nani?

Nikaanza kwa Kikisii. Baba yangu. Baba yake. Baba wa baba yake. Hapo nikakwama. Wa nne alikuwepo, bibi yangu alikuwa akimtaja kila jioni, lakini miaka ile nilikuwa nafumba mdomo nyumbani kwa kuogopa mfupa. Yule bibi alingoja sana. Mwishowe akanipakulia loshoro, nusu bakuli.

"Anasema nyingine utakula ukimkumbuka," mama wa mtoto akaniambia.

Msichana alifaulu Januari. Mwenye shule aliporudi kutoka Moshi aliingia darasani kwangu wakati wa mapumziko, akatazama msumari mtupu ukutani, akauliza kibati kiko wapi.

Nikamwambia ninacho mimi, na sijamsikia bado mtu wa kumvika. Nje ya dirisha watoto walikuwa wakigombania mpira kwa Kiswahili, Kimeru na Kichaga, na sauti zao zilikuwa zikitufikia wote wawili.