Mbwa Aitwaye Sikumtuma

Kwetu kijijini Mamba, mbwa hapewi jina hivihivi. Ukigombana na jirani huendi mlangoni kwake kutukanana. Unamwita mbwa wako Yataisha, au Mtachoka, kisha kila jioni unamwita kwa sauti, naye mwenye kuambiwa anasikia. Damiano alipochoka kulalamikiwa kwamba mbwa wake anaiba nyama za watu, alimwita Sikumtuma. Kijiji kizima kilicheka, na aliyecheka zaidi ni Damiano mwenyewe, maana mtu yule alijipenda.

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alilima mpunga, kanisani aliimba sauti nzito, na ndege aliwajua kuliko alivyowajua wakwe zake. Ndege akilia kichakani, Damiano ameshamtaja kabla wewe hujageuza shingo. Jumapili baada ya misa alizoea kutembea kandokando ya mfereji wa mashamba na rafiki zake wawili: Melkior, aliyekua naye tangu utoto, na Lyamba, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka miwili nyuma. Mbwa walitangulia, wao wakafuata nyuma wakibishana kama ndege yule ni kwarara au la.

Jumapili moja ya mwaka sabini na sita, mvua zikielekea kwisha na mfereji umejaa, hawakuona ndege wa maana. Melkior akaanza kumtania Damiano kwamba ndege wake wamehamia kijiji cha Kasokola. Utani ule ulimchoma. Damiano alikuwa na siri: nyuma ya matete, pembeni mwa shamba la mjane Verdiana, korongo wawili wenye kishungi walikuwa wameangua. Verdiana alimwonyesha yeye peke yake, akamwapisha asilete mtu. Kipande kile cha mpunga Verdiana hakukigusa hata kwa palizi. Korongo wale walianza kuja mwaka aliozikwa mumewe, na kila asubuhi aliwaamkia kabla ya kuamkia watu.

Damiano akawaambia wenzake wamfuate.

Kabla ya kuvuka mfereji, Lyamba alivua mshipi wake akamfunga mbwa wake, akamshauri Damiano naye amfunge wake. Damiano alimcheka. Mbwa wa porini ndiye wa kufungwa, alisema, wake ana adabu.

Adabu ya wapi! Vifaranga wawili walipochungulia tu kwenye mpunga, Sikumtuma akaruka. Damiano aliita mpaka sauti ikamkauka: "Sikumtuma! Sikumtuma, rudi!" Mbwa alirudi alipomaliza, akijilamba. Wazazi wa wale vifaranga walizunguka juu wakilia, na wale wanaume watatu wakaondoka bila kuagana.

Kesho yake Verdiana alikuta manyoya, na nyayo za mbwa kwenye tope. Balozi wa nyumba kumi akaita watu. Melkior, akidhani anamwokoa rafiki yake, alisema mbwa wanaozurura mferejini ni wa wafugaji. Macho yote yakamgeukia Lyamba. Balozi akaamua mbwa wa Lyamba, aliyekwisha kufungwa mtini, auawe siku hiyohiyo, na mwenyewe atafute kijiji kingine cha kukaa.

Lyamba hakujitetea. Mgeni akijitetea anajiongezea kesi. Alimtazama Damiano tu, akingoja.

Damiano alitazama vidole vya miguu yake. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "ni wangu," nalo lilifika mdomoni. Akalimeza.

Ndipo Verdiana akasimama. "Damiano," aliuliza, "mbwa wako anaitwa nani?"

"Sikumtuma."

Watu wakacheka kwa mazoea. Verdiana hakucheka. "Jana nilikuwa ng'ambo ya mfereji naosha vyombo. Hilo ndilo jina nililosikia likiitwa shambani kwangu. Nilikuwa nangoja mwenyewe aseme."

Kicheko kikakatika. Mbwa wa Lyamba alifunguliwa, na habari ya kuhama haikutajwa tena. Sikumtuma naye hakuuawa; Verdiana alisema vifo vinatosha. Jioni Damiano alikwenda kwa Lyamba kuomba radhi. Lyamba alimpa kigoda, akampa maziwa mgando, akamwambia anywe kwanza. Hakumlaumu hata kidogo. Afadhali angemtukana, kwa maana Damiano hakuyamaliza maziwa yale, akalia mbele ya watoto wa mwenzake.

Alijaribu kumbadilisha mbwa jina. Alimwita Simba, akamwita Polisi, mbwa hakuitika. Basi kila jioni ilimbidi asimame uani na kuita, "Sikumtuma! Sikumtuma!" Hakuna aliyecheka tena. Ng'ambo ya mfereji, Verdiana aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga, akasubiri mpaka Damiano amalize kuita.