Mguu Mmoja wa Mjomba Kerrow

Mjomba wangu Kerrow hulalamika hadi leo kwamba nilimburuta hospitalini kama mbuzi wa mnada. Ni kweli, na ningemburuta tena.

Viungani mwa Garissa hakuna aliyemshinda kukama ngamia. Kwetu ngamia hukamwa kwa kusimama: mguu mmoja chini, wa pili umekunjwa juu ya goti, chombo juu ya paja. Mjomba alisimama hivyo huku akiwatania majirani. Mwaka jana akaanza kuyumba kila alfajiri na kumwaga maziwa.

"Idil, huyu ngamia ana kiburi," aliniambia. "Ananisukuma."

Majirani walimlaumu yeye: mzee ameanza pombe. Mzee asiyekosa sala! Nilipandwa na hasira. Lakini amwagaye maziwa hukabidhi chombo, na mdogo wake Bishar alikuwa ameshanyoosha mkono. Mjomba bila ngamia wake angekonda akafa, nilimjua.

Hospitalini, daktari Amran alimwambia asimame, miguu pamoja. Akasimama vizuri, akanitazama kwa ushindi.

"Sasa fumba macho, mzee."

Akaenda upande, tukamdaka.

"Daktari, bombe sijagusa, wallahi!"

"Najua, mzee."

Daktari akamwekea chuma kinachotetema kwenye kidole cha mguu. Hakuhisi kitu. Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu ya miguu haipeleki tena habari kwenye ubongo. Mchana macho humsaidia, gizani hana msaidizi. Chanzo chaweza kuwa kisukari, pombe, dawa fulani, hata urithi, kwa hiyo damu ipimwe. Ilipopimwa, vitamini B12 ilikuwa imepungua mno.

"Mimi nakunywa masiwa tangu kusaliwa!" mjomba akafoka.

"Unakunywa, lakini tumbo lako haliipokei vitamini hiyo. Itabidi sindano."

Miezi ikapita, nyayo zikaanza kuhisi mchanga. Si kote, kwani daktari alituonya kuwa mishipa mingine huenda isipone. Kwa hiyo alfajiri aliyorudi kazini nilimshikia tochi, roho yangu mkononi. Akakunja mguu, akatikisika kidogo, akatulia. Ngamia, na kiburi chake chote, hakusogea.

Bishar, kwa mazoea, akanyoosha mkono achukue chombo. Mjomba akampa kikiwa kimejaa, povu juu.

"Kunywa, walaal," akamwambia ndugu yake.