Télesphore na Filamu Isiyo na Sauti

Huko Uvira, mashariki mwa Kongo, Télesphore alikuwa mtu mkubwa. Kwenye kibanda cha video alishika maikrofoni na kuzifasiri filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, ilhali hakujua Kichina, Kihindi wala Kiingereza. Hakuna aliyelalamika. Filamu ikiwa mbaya, yeye aliitengeneza. Shujaa akifa mapema, alimzulia pacha. Wachina wengi walikufa wakiwa na majina ya majirani waliomuudhi.

Hapa Toronto anapakia mikate kiwandani, na mashine ya mikate haihitaji kufasiriwa. Binti yake Iteka, mwenye miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hapa hapa, mtaa wa Mount Dennis, anaamini mzee anatia chumvi anaposimulia ya Uvira. "Yeah, Papa, you were famous," humwambia bila kuinua macho. Inamuuma. Alichokitaka ni kimoja tu: mwanawe amsikie walau mara moja, amjue baba yake ni nani.

Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Lynette, Mkenya anayeandaa shughuli za wazee katika ukumbi mmoja mtaani Parkdale, alipata filamu yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, isiyo na sauti, akatafuta wa kuwaelezea wazee hao, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo. Télesphore hakusubiri kuombwa mara mbili. Wala hakuuliza filamu inahusu nini. Fundi wa aina yake haulizi.

Jumamosi Iteka alikaa kiti cha nyuma, amekuja kwa kuvutwa. Kwenye skrini, mashua iliyojaa mabwana wa kofia na mabibi wa magauni marefu iliporomoka kwenye mteremko mkali, ikielekea majini. Télesphore akawaka.

"Angalieni! Hawa batu banakimbia vita! Waasi bako kule yulu ya mulima! Shuka, shuka! Maman, kamata mutoto! Puuu! Maji! Banavuka! Merci Yesu!"

Wazee walipiga makofi na vigelegele. Lakini waliovuka walitoka majini wakicheka, wakakung'uta magauni, wakakimbilia kupanga foleni tena.

Bibi Joyeuse, aliyevuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na wajukuu wawili, aliinua mkono. "Sasa Papa Télesphore, bamesha kupona. Juu ya nini banacheka? Mbona banarudia tena kule ku vita?"

Télesphore alimgeukia Lynette. Ikabidi Lynette aseme ukweli. "Mama, hii ni mchezo tu. Watu walikuwa wanalipa ndio watishwe."

Bibi Joyeuse aliitazama mashua nyingine ikishuka. "Kumbe!" akasema. "Siye balitutisha bure."

Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi, na kwa wengine machozi yaliendelea kicheko kilipokwisha. Télesphore aliiweka maikrofoni mezani taratibu. Aliona aibu, tena kubwa.

Kwenye basi la kurudi nyumbani, Iteka alimgeukia, Kiswahili chake kikichechemea. "Papa, na weye ulivuka hivi? Eleza. Minasikia."

Télesphore alifungua kinywa. Maisha yake yote alikuwa amewasemea wengine. Kisa chake mwenyewe hakuwa amekisema hata siku moja. Vituo vinne vilipita, na Iteka bado alikuwa anangoja.